Nani Anayelipia Kivuli?

Mchumia juani hulia kivulini. Methali hii imewalea wachapakazi wengi, na ndani yake mna mapatano: vumilia leo, kesho utastarehe. Ila mapatano hayo yana masharti mawili yasiyotajwa: jua liwe la kuvumilika, na anayechuma awe ndiye atakayekula.

Tazama mashamba ya miwa ya Kilombero na Mtibwa, mkoani Morogoro. Miwa ikishachomwa moto, mkataji huingia na panga, masizi yamemganda usoni, akainama hadi kwenye shina. Mwili wake unapigania kubaki kwenye nyuzijoto 37 au karibu na hapo, na kinga yake kubwa ni jasho. Hewa ikijaa unyevu, jasho linamtiririka bila kukauka na joto linabaki mwilini. Hapo kuvumilia si sifa tena, ni kujiangamiza. Nicaragua na El Salvador zimezika wakata miwa wengi walioharibika figo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, lakini haimlazimishi mwajiri kuyalipia. Kwa anayelipwa kwa kiasi alichokata, kila dakika anayokaa chini ya mti inapunguza unga nyumbani. Hakuna aliyemkataza kupumzika, ila ruhusa hiyo itamfaa nini ikiwa kuitumia ni kulala njaa?

Atasema mtu: si alikubali mwenyewe? Alikubali kazi. Hakukubali joto linalozidi mwaka hadi mwaka, ambalo mchango wake katika kulileta ni mdogo mno. Hatari ikibadilika, makubaliano nayo hayana budi kujadiliwa upya.

Basi itolewe amri tu kutoka juu? Milima ya Uluguru ina jibu. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili udongo usisombwe na mvua. Sababu ilikuwa na mantiki, lakini wenye jembe hawakushauriwa, na mwaka 1955 ghasia zikazuka. Kumlinda mtu bila kumsikiliza ni kumwongezea mzigo mwingine.

Ndiyo maana naona kiini cha usalama kazini ni uwezo wa kusimamisha kazi bila kuadhibiwa na tumbo. Maji na kivuli ni vya lazima, lakini havitoshi pale saa ya kuvitumia inapokatwa kwenye ujira. Mwenye panga awe na sauti ya kusema sasa basi, na muda huo uhesabiwe kuwa kazi. Gharama yake iingie kwenye bei ya sukari, kama zinavyoingia mbolea na dizeli ya trekta. Sukari ikipanda kidogo kwa sababu hiyo, tutakuwa tumeanza kulipa deni ambalo hadi sasa mkataji amekuwa akitulipia kwa mwili wake.