Mtoro wa Sekenke

Kiswahili kina maneno mawili kwa tendo moja. Atokaye kazini kwa hiari yake huambiwa ameacha kazi; atokaye pasipo ridhaa ya wakubwa wake huambiwa ametoroka. Katika machimbo ya dhahabu ya Sekenke, wilayani Iramba, mkoani Singida, maneno hayo mawili humkuta kijana mmoja, na kila neno lina watetezi wake.

Sekenke iko ukingoni mwa miinuko, pale barabara itokayo Singida kwenda Nzega inapoporomokea mbuga za Wembere. Miongoni mwa wanaoingia maduarani huko wamo vijana ambao hawakupelekwa na ukosefu wa kazi. Kazi walikuwa nayo: huyu aliuza duka mjini, huyu alilinda geti usiku, huyu alisomesha katika shule ya binafsi. Waliiacha. Wakiulizwa sababu, neno la mwanzo aghalabu si fedha. Husema hawakuwa na raha.

Jawabu hilo huwaudhi wazazi. Kazi mbi si mchezo mwema, walisema wahenga, na mshahara wa kijana, ujapokuwa haba, hauwi wake peke yake. Umo ndani yake mchele wa mama, imo karo ya mdogo wake, limo deni la bati la nyumba. Autupaye mshahara huo ametupa na vya watu. Je, mtu ana haki ya kuitafuta furaha yake kwa mali ambayo nusu yake si yake? Swali ni zito, wala halijibiwi kwa kumwita kijana mvivu. Mvivu hateremki shimoni kwa kamba.

Ila kabla ya kumwita mtoro, yafaa neno lenyewe likumbukwe lilikotoka. Mtoro wa pwani alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Katika karne ya 19 watoro walijenga vijiji vyao bara ya Malindi, na Fuladoyo ni mojawapo. Tanganyika ilifuta utumwa kisheria mwaka 1922. Mwaka uliofuata tu, 1923, ikatungwa sheria ya mabwana na watumishi, na kibarua aliyeondoka kabla ya mkataba wake kwisha akawa mkosaji wa kushitakiwa. Utumwa ulikuwa umetoka kwa mlango mmoja, utoro ukabaki ndani.

Sekenke yenyewe ni mtoto wa zama hizo. Wajerumani waliigundua dhahabu yake mwanzoni mwa karne ya 20, na vita vilipowatenga na kwao, dhahabu hiyo ikapelekwa Tabora. Huko, mwaka 1916, katika karakana ya reli, zilipigwa sarafu 16,198 za rupia 15, zenye picha ya tembo. Leo sarafu hizo hutafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima, na kila moja ina nambari katika vitabu vyao. Walioichimba dhahabu hiyo hawana kitabu.

Basi kijana anaposema leo, “Nimeacha kazi,” pasiwe na askari wa kumfuata, anatumia kitu kilichonunuliwa kwa bei kubwa. Haki hiyo ni yake hata kama huko aendako hakuna furaha yoyote. Wazee humngoja arudi mikono mitupu wamuulize, “Umepata nini?” Hawakosei kuuliza, lakini hasara ya aliyeondoka haithibitishi kwamba alipaswa kubaki.

Na hasara ipo. Sekenke haimpi mtu shamba, kama Shaaban Robert alivyompa Utubora wake alipoacha kazi ya mshahara akaenda kulima. Katika machimbo madogo mchimbaji hutumikia duara la mtu. Aghalabu hapewi mshahara. Hupewa chakula, na mawe yakipatikana gharama hukatwa kwanza, ndipo mifuko ya mawe igawanywe. Miezi inaweza kupita pasi na mgawo. Aliyemkimbia meneja amempata mwenye duara, na juu ya mwenye duara, bahati, ambayo haina ofisi ya kulalamikiwa. Hata hivyo, wapo wanaokataa kurudi. Kibarua cha mjini walijua mwisho wake tangu siku ya kwanza. Shimo halijawaambia lao. Kuishi bila ya kuujua mwisho, hilo huenda ndilo waliloliita raha, na neno hilo halitoshi.

Imamu Ghazali aliandika kitabu alichokiita Kimiya ya Saada, yaani elimu ya kugeuza madini duni yawe dhahabu, ila dhahabu yenyewe ni heri ya mwanadamu. Naye aliwahi kuacha kazi. Mwaka 1095, akiwa na umri wa miaka 37 hivi, alikuwa mwalimu mkuu wa Nidhamia ya Baghdad, cheo cha kuonewa wivu. Ulimi ukamfunga, akawa hawezi kusomesha. Akaondoka, akisingizia safari ya Makka. Wasimuliaji husifu kule kuondoka. Aghalabu hupita upesi pale anapoeleza kwamba aliigawa mali yake, akabakisha kiasi cha kujikimu na cha kuwatosha watoto wake. Ndipo akatoka.

Kiasi hicho cha watoto ndicho kinachomtenga aliyeacha na aliyetelekeza. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inamtaka mwenye mshahara wa mwezi atoe notisi ya siku 28 kwa mwajiri wake. Kwa mama yake haimtaki atoe hata siku moja. Nalo fao la kukosa ajira, lililoingizwa katika hifadhi ya jamii mwaka 2018, halimhusu aliyeacha kwa hiari.

Ghazali alirudi kusomesha mwaka 1106, huko Nishapur, na mlango ulikuwa wazi. Kijana wa Sekenke akirudi mjini hukuta kaunta ina mtu mwingine. Akibaki, hungoja mgawo. Na siku mgawo unapotoka, kabla ya kiatu na kabla ya soda, kuna nambari moja ya simu anayoikumbuka bila ya kuitazama, naye hukaa na simu mkononi akipiga hesabu ni miezi mingapi.