"Alikuwa Mvumilivu": Ni Sifa au Ni Deni?



Kila Novemba Kanisa linatualika kuwaombea marehemu wetu, na wengi tunaanza na jina la bibi. Leo naomba tutafakari swali ambalo huwa tunalipita haraka sana. Tukisema "bibi alikuwa mvumilivu", je, tunamsifu yeye, au tunajitetea sisi?

Bibi yangu aliishi na kulima Singe, hapa Babati mjini, mpaka umri wa karibu miaka 90. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa mahali popote. Yeye alihesabu kwa kusema kwamba Uhuru wa 1961 ulimkuta ameshaolewa na ana watoto wawili. Shamba lake lilikuwa chini ya mkoloni, likawa ndani ya Mkoa wa Arusha, na kuanzia 2002 likawa Mkoa wa Manyara. Yeye hakuhama. Mipaka ndiyo iliyohama.

Alilima mahindi na mbaazi katika shamba moja, kama wakulima wengi wa Babati. Mahindi yakishavunwa, mbaazi zinabaki shambani zikiendelea kukomaa, kwa hiyo kazi haiishi. Ukimaliza kupukuchua mahindi, unarudi kuvuna mbaazi, kuzipiga kwa fimbo, kuzipepeta, na kuchagua mbegu za msimu ujao. Jembe la ng'ombe walishika wanaume. Palizi ilikuwa ya bibi na mabinti zake, na palizi ndiyo inayovunja mgongo.

Lakini usimfikirie kama mtu wa kuonewa huruma. Nyumbani kauli yake ilikuwa na uzito. Yeye ndiye aliyejua debe ngapi zitatosha hadi mvua nyingine, na nani ametoka kuugua hivyo aongezewe uji. Wajomba walipogombana walipelekwa kwake, na hakuna aliyeondoka kabla hajawapatanisha. Rozari yake alisali jioni akiwa amechoka, wakati mwingine akisinzia katikati ya fumbo, halafu akaendelea alipoishia.

Siku ya mazishi, wanajumuiya na WAWATA walijaa. Wasifu wa marehemu ulisomwa: sakramenti alizopokea, idadi ya watoto, wajukuu na vitukuu. Kisha likaja lile neno: "alikuwa mvumilivu sana". Wote tukaitikia kwa kichwa. Ni kweli kabisa, alivumilia. Ila tangu siku hiyo najiuliza: alivumilia nini? Na alivumilia kutoka kwa nani?

Hebu tutenganishe mizigo miwili. Kuna mzigo ambao hakuna mtu wa kulaumiwa moja kwa moja: mvua kuchelewa, wadudu, uzee wenyewe. Hata bei ya mbaazi huamuliwa mbali. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazonunua nje, bei iliporomoka huku kwetu, na bibi akabaki na magunia yake. Alivumilia, akapanda tena msimu uliofuata.

Mzigo wa pili unawekwa na watu. Shamba alilolilima zaidi ya nusu karne halikuwahi kuwa na jina lake. Lilikuwa la babu, na babu alipofariki wanaume wa ukoo walikaa kikao, likawa la mtoto wa kiume. Hela ya mbaazi ilipitia mikono mingine kabla ya kumfikia. Hata kitenge alisubiri anunuliwe. Hakulalamika. Na sisi tuliobaki tukaubatiza ukimya wake tukauita fadhila.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anaiweka subira ndani ya fadhila ya nguvu. Yaani mvumilivu siyo mtu dhaifu. Ni mtu ambaye huzuni haimwondoi kwenye lililo jema. Sawa, hiyo ni fadhila ya bibi, na taji lake analo kwa Mungu. Lakini Thomas huyohuyo anafundisha pia fadhila ya haki, ambayo ni kumpa kila mtu kilicho chake. Subira ilikuwa kazi ya bibi. Haki ilikuwa kazi yetu. Hatuwezi kuchukua fadhila yake tukazibia pengo la fadhila yetu.

Wapo watakaosema: "Ndiyo mila zetu, na mila zilimlinda mjane." Tuwasikilize, maana kuna ukweli ndani yake. Kanuni za sheria ya mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963, kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, zilieleza kwamba mjane hana fungu katika urithi. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Ukiisoma haraka inapendeza. Sasa jiulize: watoto wasipomtunza, ataenda kudai wapi? Aliyepewa ardhi ana kitu mkononi. Aliyepewa ahadi tu anategemea moyo wa mtu mwingine kila asubuhi.

Mama mmoja Mhaya, Holaria Pastory, aliliona hilo. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia. Alipoona uzee unamlemea na hana wa kumtunza, aliliuza mwaka 1988. Ndugu wa ukoo akamshtaki, kwamba kimila mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ilifika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo inambagua mwanamke kinyume cha Katiba, kwa hiyo alikuwa na haki ya kuuza kama mwanamume. Baadaye sheria za ardhi za 1999 ziliandika wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Sheria ipo. Ila sheria haihudhurii kikao cha ukoo. Wewe na mimi ndio tunaohudhuria.

Na Maandiko je? Sura ya 31 ya Mithali tunapenda kuisoma kwenye harusi na misiba. Isome tena polepole. Mwanamke yule anaangalia shamba, analinunua, na anapanda mizabibu kwa mapato yake mwenyewe. Na sura haiishii kwenye kumpongeza. Inaagiza pia apewe matunda ya kazi ya mikono yake. Sifa na matunda vinakwenda pamoja. Sisi tumechukua sifa, tukaacha matunda.

Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Yesu anawakemea waliosema kwamba mali ambayo ingewasaidia wazazi wao ni korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu. Kwa nje walionekana wacha Mungu, ndani walikuwa wanakwepa amri ya nne. Mimi naona korbani ya siku hizi ni hii: mchango mkubwa wa msiba, jeneza zuri, sare na matarumbeta, kwa bibi ambaye akiwa hai alikosa nauli ya kwenda kupima presha. Kuzika kwa heshima ni tendo la huruma, wala sipingi. Ila heshima ya kaburini haifuti deni la uhai.

Tufanye nini basi? Bibi yangu sasa anahitaji sala na Misa, na hivyo tutampa. Lakini bado mama zetu wapo, shangazi wapo, na bibi wengine wapo jumuiyani. Ukiwa nyumbani likizo, uliza shamba liko kwa jina la nani, uliza kwa adabu, bila kiburi cha msomi. Kikao cha ukoo kikiitwa, omba mama naye asikilizwe. Mazao yakiuzwa, hela ipite mkononi mwa aliyepalilia. Na wewe kijana wa kiume, shika jembe wakati wa palizi. Mgongo wako una nguvu kuliko wa mama.

Tukifanya hivyo, siku ya wasifu tutaweza kusema "alikuwa mvumilivu" bila kuinamisha macho.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyewaona wanawake wote waliotulisha kwa jasho lao, wapokee katika raha yako. Tufundishe kuwatendea haki walio hai, ili sala zetu kwa marehemu ziwe za kweli. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.