Msuluhishi na Mbuzi Wake

Kuna swali ambalo vijana wa kikundi chetu hapa Nakivale wamelibishania miezi na miezi na bado halijaisha. Mtu akija kusuluhisha ugomvi wa majirani wawili huku jicho lake liko kwenye shamba la mmoja wao, huyo ni msuluhishi au ni mnunuzi? Wote tunajua tunamsema nani. Tunaisema Marekani, na shamba ni Congo yetu.

Kwanza tukumbushane mambo yalivyokwenda, maana huku kambini habari zinafika vipande vipande kupitia simu. Mwisho wa Januari 2025 M23 waliingia Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Tarehe 20 Februari Marekani ikamwekea vikwazo James Kabarebe, waziri wa Rwanda. Kesho yake Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 2773 kwa kura zote 15. Azimio hilo linaitaka M23 iondoke kwenye miji iliyoteka, na linalitaka jeshi la Rwanda liache kuisaidia na litoke kwenye ardhi ya Congo. Rwanda inakana kwamba inaisaidia M23. Inasema inajilinda dhidi ya FDLR, kundi lenye mizizi kwa watu waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994. Tarehe 27 Juni mawaziri wa mambo ya nje wa nchi hizi mbili wakatia sahihi mkataba Washington. Tarehe 4 Desemba wakaja marais wenyewe, Tshisekedi na Kagame, wakatia sahihi mbele ya Trump. Siku hiyo hiyo Congo na Marekani wakasaini na makubaliano yao mengine, ambayo ndani yake kuna madini. Haikupita hata wiki moja kamili, M23 wakawa Uvira, na watu wa Uvira wakawa wanavuka kwenda Burundi.

Basi vijana wengi wanasema: mmeona? Ni wanafiki, wanataka koltani tu. Na Trump mwenyewe hakuficha, alisema mbele ya kamera kwamba Marekani itapata haki nyingi za madini ya Congo.

Mimi nakubali kwamba wanataka madini. Sikubali kwamba jambo hilo peke yake linamaliza mjadala. Kwetu mzee akisuluhisha ugomvi, anakula. Aliyekosa analeta mbuzi, wazee wanakaa, nyama inaliwa, na hakuna anayesema wazee wamenunuliwa. Kwa nini? Kwa sababu mbuzi anachinjwa ugomvi ukishakwisha. Tena analiwa hadharani, wagombanaji wote wawili wapo, wanakula sahani moja na wazee. Mzee anayefika asubuhi, anamla mbuzi kwanza, halafu anaanza kuuliza nani alimpiga nani, huyo ndiye tunayemcheka. Kwa hiyo shida yangu na mkataba wa Washington si kwamba kuna mbuzi. Shida ni saa aliyochinjwa. Madini yalisainiwa siku ile ile ya amani, wakati Goma na Bukavu bado ziko mikononi mwa M23, na mgodi wa Rubaya, ambao M23 waliuchukua tangu 2024, unaendelea kutoa koltani.

Kuna kijana mmoja, fundi wa simu pale Base Camp, ambaye hoja yake ilinisumbua zaidi. Alisema hivi: afadhali mnafiki mwenye nguvu kuliko mtakatifu asiye na kitu. Padri anatuombea kila Jumapili, lakini hajawahi kumtoa askari hata mmoja Kivu. Tukacheka, ila hoja yake ina uzito, na historia inaipa nguvu. Novemba 2012 M23 walikwisha kuiteka Goma mara ya kwanza. Wafadhili wakaishikia Rwanda misaada, Marekani nayo ilikuwa imeshakata sehemu ndogo ya msaada wa kijeshi, dola 200,000 tu, na Obama akampigia Kagame simu. Umoja wa Mataifa ukaleta kikosi cha askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na baadhi yao walikufa kwa ajili yetu. Novemba 2013 M23 ilishindwa. Kweli makundi mengine yalibaki na sisi wengine hatukurudi. Lakini ilionekana kwamba mkubwa akibana, kitu kinasogea.

Hapo ndipo mimi naona mzigo wa kimaadili ulipo. Kama ungekuwa huwezi, kukaa kimya kwako kusingekuwa dhambi. Lakini ukishaonyesha mara moja kwamba unaweza, kimya chako cha baadaye ni uamuzi. Msinitajie tena ile methali ya tembo na nyasi. Inawafanya tembo waonekane kama mvua, kitu kinachotokea tu. Hawa tembo wana mabalozi, wana tarehe za mikutano, wanapiga kura.

Sasa neno lingine ambalo liko katika kila azimio: kuheshimu mamlaka ya Congo na mipaka yake. Sisi hapa tunaishi ndani ya neno hili kwa namna ya ajabu kidogo. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Uganda ilivunja mamlaka ya Congo katika vita vilivyoanza 1998, na mwaka 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Na ni Uganda hii hii iliyotupa kiwanja cha kujenga na kipande cha kulima mahindi. Sisemi hivyo kwa kuwadharau wenyeji wetu, Mungu awabariki. Nasema ili tuone kwamba nchi si mtu mmoja mwenye roho moja. Inaweza kukukosea kwa mkono mmoja na kukupokea kwa mkono mwingine, na mkono wa pili haufuti deni la wa kwanza.

Marekani ni vile vile. Mwaka ule ule ilioupatanisha Kigali na Kinshasa ndio mwaka iliokata misaada yake ya nje. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa mnajua vizuri kuliko mimi, maana baadhi ya wenzenu waliondoka bila hata kuaga.

Na mamlaka hayo ni ya nani? Mama mmoja wa kikundi cha ushonaji aliuliza swali hili bila kujua kwamba wasomi wanaandikia vitabu: mpaka ulivunjwa na askari wa kigeni, sawa, lakini askari wetu wenyewe aliyechukua mbuzi wangu, yeye alivunja nini? Kinshasa inapolia kwamba mamlaka yake yamekanyagwa, inasema kweli. Ila mamlaka si uzio tu wa kuwazuia wa nje. Ni kazi vilevile, kulipa askari mshahara, kumlinda mwananchi awe Mbembe, Mfulero au Munyamulenge. Serikali isiyoifanya kazi hiyo haipotezi ardhi yake, jirani asije akasema mlango uko wazi aingie. Lakini inapoteza haki ya kugawa madini kwa jina letu bila kutuuliza.

Hili la Munyamulenge nalisema kwa makusudi. Hapa Nakivale tunapanga foleni ya maji moja, Wacongo wa kila kabila, Warwanda, Warundi. Kila mara mkubwa akitoa tamko lake mbali huko, jioni kuna kijana anamtazama jirani yake vibaya bombani. Azimio 2773 linataja majeshi. Halimtaji binti anayechota maji nyuma yako.

Kwa hiyo kikundi chetu kiliandika karatasi moja, siyo ya kulaani. Ina mambo mawili: kabla kampuni yoyote haijaingia Kivu kwa mkataba huu, waliokimbia kutoka huko waulizwe, na waulizwe hapa hapa tulipo, kwa Kiswahili. Karatasi tumeikabidhi kwa wageni wawili waliotutembelea. Mmoja aliisoma yote palepale, akauliza Rubaya inaandikwaje.