Uzi wa Ubatizo

Kijana mmoja wa usharika wetu, aliyeajiriwa uhamiaji juzijuzi na kupangiwa kizuizi cha barabara kuu, alinisubiri nje baada ya ibada. "Shikamoo, mzee." Nikaitikia. Akauliza mvua, akauliza mguu wangu, akamuulizia na mama nyumbani, ndipo akalitoa. "Mzee, hawa Wahabeshi tunaowakamata. Nikiwahurumia, si nitakuwa nimekiuka kiapo? Na nisipowahurumia, hapa kanisani nakuja kufanya nini?"

Sikumjibu palepale. Namjibu leo, maana si yeye tu mwenye swali hilo.

Mwanangu, yumo katika Biblia mtu wa kazi yako, na miaka yote niliyokaa kwenye benchi la mbele sijasikia akihubiriwa. Anaitwa Yulio, akida wa Kirumi, katika Matendo sura ya 27. Kazi yake ilikuwa kusindikiza wafungwa kwa meli hadi Italia, na Paulo alikuwa mmoja wao. Walipofika Sidoni, Yulio alimruhusu Paulo kwenda kwa rafiki zake wamtunze. Hakumtorosha. Baadaye meli ikavunjika kwenye ufuko wa Malta, askari wakataka kuwaua wafungwa wote wasije wakaogelea wakapotea, Yulio akawakataza. Mwisho wa safari Paulo aliingia Rumi akiwa bado mfungwa. Kiapo kilikuwa palepale. Ila katikati ya kukamata na kukabidhi Yulio aliona upenyo, mahali ambapo hakuna amri iliyomlazimisha kuwa mwema na hakuna iliyomzuia. Kazi ya pingu ina upenyo mwingi wa namna hiyo.

Kwa hiyo usidhani huruma maana yake ni kuinua kizuizi lori lipite. Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji kumuuliza wafanye nini, hakuwaambia wavue sare. Aliwaambia wasimnyang'anye mtu, wasimsingizie mtu, na waridhike na mshahara wao. Hayo matatu ukiyashika pale barabarani, tayari umekuwa mtu adimu. Na yule anayepokea bahasha ya dalali, akageukia pembeni wakati lori linapita, asije akaniambia alimhurumia maskini. Aliuza.

Unawajua wanakotoka? Wengi ni vijana wa kusini mwa Ethiopia, Hadiya na Kambata. Wameambiwa Afrika Kusini kuna kazi na ndugu wa kuwapokea, nyumbani ng'ombe wameuzwa, wengine shamba. Wanavuka Moyale, wanakatiza Kenya, wanaingia kwetu kwa njia za panya, kisha wanafichwa kwenye malori kuelekea Kasumulu, Malawi na Msumbiji. Wanaowasafirisha huwaita "mzigo". Mji mkuu wa Hadiya unaitwa Hosaena, neno lilelile tunalolipaza Jumapili ya Mitende tukiwa na makuti mkononi. Kule Waprotestanti ni wengi, na Kanisa la Mekane Yesus la Ethiopia ni la Kilutheri kama letu. Wengine ni Waorthodoksi, wengine Waislamu, na hilo halibadilishi kitu, kwa kuwa Msamaria hakumuuliza dini yule aliyemkuta kando ya barabara. Nalitaja tu ili ujue kwamba uliyemfunga pingu Jumamosi pengine kesho yake alikuwa anaimba nyimbo zako huko mahabusu.

Hapa niseme neno kwa wasio na sare. Sisi ndio tunaowaita "wahamiaji haramu" bila hata kulitafuna neno. Haramu! Ni neno tunalolitumia kwa nyamafu, kwa mali ya wizi, na kwa mtoto ambaye hakuchagua wazazi wake. Kuingia nchini bila kibali ni kosa, na hakimu anajua namna ya kulishughulikia, lakini kosa ni la kuingia. Tena sisi wenyewe tuna watu wetu. Nani hapa hana mpwa aliyezamia meli akatokea Durban, au binamu aliyejilipua Ulaya kwa kusema yeye ni Mrundi? Katika maombi ya Alhamisi nasikia, "Bwana, mfunike mwanetu huko hana makaratasi." Na Ijumaa, walewale walioomba wanasimama kumtazama Mhabeshi akishushwa kwenye karandinga, wakisema warudishwe tu, wametuzidi. Mungu anasikia maombi yote mawili, na sijui huwa anaanza na lipi.

Narudi kwako, kijana. Juni 2012 mkoani Dodoma ziliokotwa porini maiti za Waethiopia zaidi ya 40. Walikosa hewa ndani ya lori, wakatupwa. Machi 2020 huko Tete, Msumbiji, maofisa walisikia vishindo ndani ya kontena. Walipolifungua walikuta 64 wamekufa na 14 wazima. Mimi huwa nawaza vile vishindo. Mtu aliye gizani, anayeona hewa inakwisha, anapiga hesabu: nikigonga, nje yuko nani? Kama sifa ya nje ni mateke na kuporwa, atakawia kugonga, na kukawia ndiko kunakoua. Ukiwa mtu wa kutoa maji kwanza na kuuliza maswali baadaye, habari hiyo husafiri kwenye njia yao, kama zinavyosafiri habari za mabaya. Huwezi kujua ni nani atagonga mapema kwa sababu yako.

Na aliyewafungia humo? Huyo mfuate mpaka mwisho wa sheria. Sijawahi kuona andiko linalomtaka mlinzi amwonee huruma mbwa mwitu. Ninachoona mara nyingi ni dereva na dalali wakipata dhamana, na kijana wa Hadiya akipata kifungo.

Torati inakubali mtu mwenye hatia achapwe. Lakini katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inaamuru viboko vihesabiwe, visizidi arobaini, ili yule anayechapwa, ambaye bado inamwita ndugu, asidharauliwe. Wayahudi waliogopa kukosea hesabu, wakawa wanaishia 39. Paulo alivipata hivyo mara tano. Ndipo nawafikiria wahamiaji waliomaliza kifungo, siku zote zimehesabiwa zikatimia, halafu wakabaki gerezani kwa kuwa hakuna wa kuwalipia nauli ya kurudi kwao. Hicho ni kiboko cha arobaini na moja, na cha arobaini na mbili, na hakuna hakimu aliyekitamka. Januari 2021, Rais Magufuli alipompokea Chato Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia, alitangaza kuwaachia Waethiopia 1,789 waliokuwa wamefungwa hapa kwa kuingia bila kibali, warudi kwao. Hawakupewa uraia. Mpaka haukufunguliwa. Walipewa njia ya nyumbani, basi, na nchi haikuanguka.

Wewe huna mamlaka ya rais. Una kalamu na daftari la kuandikisha watu. Mwenye sura ya kitoto andika kwamba umri wake una mashaka, usimwongezee miaka ili kazi iishe. Asiyeelewa Kiswahili mtafutie mkalimani kabla hajatikisa kichwa kukubali asichokijua. Niliwaona wengi wakikiri hivyo, kwa kutikisa kichwa, miaka yangu ya ukarani mahakamani.

Na nikuambie la kwangu, maana nimekuhubiria vya kutosha. Asubuhi moja nilikwenda kituo fulani kufuata jalada, nikakuta Wahabeshi kumi na kitu wamepanga mstari kaunta wakivuliwa vitu kabla ya kuingia mahabusu: mikanda, kamba za viatu, pesa, simu. Ni utaratibu, asije mtu akajinyonga. Mmoja alikuwa na uzi mweusi shingoni, umechakaa, hauna hata kidani. Askari aliuvuta, akautazama. "Hirizi hii," akasema, na watu wakacheka. Nami nilicheka. Mikanda na kamba ziliingia kwenye bahasha zenye majina. Uzi ulitupwa kwenye ndoo ya taka.

Kesho yake mahakamani alikuja mkalimani. Kijana yule aliposomewa shitaka alijibu neno refu kidogo, hakimu akauliza amesema nini. Mkalimani akaeleza kwamba anakiri kosa, ila anaomba uzi wake. Kwao Waorthodoksi huuita mateb, mtoto hufungwa shingoni siku anapobatizwa. Hakimu alinitazama mimi, kama karani, nimwambie kitu hicho kiko kwenye orodha ya vielelezo au hakipo.

Mchana nilikwenda kituoni. Taka zilikuwa zimeshachomwa.