Harufu Iliyomtoa Mzee Safuni

Kuna mzee hapa Gisenyi ambaye swala ya Magharibi hakuwa akikosa safu ya mbele. Figo zake zilipofika hatua ya kusafishwa damu kwa mashine, alirudi safu ya nyuma, kisha barazani, mwishowe akawa anaswali nyumbani. Nilipomtembelea akaniambia: "Mwanangu, kinywa changu kinanuka. Mtume (s.a.w.) hakutaka aliyekula kitunguu saumu atukaribie msikitini."

Niliona haya, maana na mimi niliwahi kusogea pembeni yake.

Wapo mafaqihi waliomlinganisha mwenye harufu ya maradhi na mla saumu. Wengine wakakataa, kwa kuwa saumu huliwa kwa hiari. Wa kwanza wana hoja: sababu ya katazo ni maudhi, na maudhi hayaulizi nia. Lakini mla saumu husubiri harufu iishe, akarudi. Mzee huyu arudi lini? Hukumu ya muda tukimfanya nayo mgonjwa mtu wa kutengwa maisha, nadhani tumepotea njia ya qiyasi.

Tena tujue tunachokihukumu. Figo zikishindwa, yurea hujaa kwenye damu hadi kwenye mate, ikageuka amonia mdomoni. Mswaki, uwe wa mti au wa dukani, hauiondoi yote. Maji ya kunywa amepimiwa, kwa hiyo kinywa hukauka na meno huoza upesi. Hata hivyo si harufu yote ni ya figo. Ya ufizi na meno mabovu inatibika. Mzee hakuwa amekwenda kwa daktari wa meno hata mara moja, kwa aibu tu. Aibu hiyo ni ya hatari: usaha wa jino huweza kuingia kwenye damu, na anayetaka kupandikizwa figo, jambo linalofanyika Kigali katika Hospitali ya King Faisal tangu 2023, hukaguliwa meno kwanza.

Basi tulikwenda wote, siku moja baada ya mashine, kwa sababu siku ya mashine hutiwa heparini na damu haigandi vizuri. Nilimsisitiza amwambie daktari ugonjwa wake kabla ya kufungua kinywa, na asijinunulie ibuprofeni. Jino moja limeng'olewa. Harufu imepungua, haijaisha. Magharibi ya Ijumaa alisimama kushoto kwangu.