Kutu, Kijicho na Sababu

Mama mmoja mtu mzima aliniletea Corolla ya familia, ya mwaka 1994, akashikilia kuwa imetupiwa kijicho na jirani. Asubuhi starta inagoma, taa zinafifia. "Fundi, soma dua kwanza." Nikasoma, kisha nikachukua mita.

Betri: volti 12.6, nzima. Injini ikiwaka, alteneta ilipeleka 14, nayo nzima. Lakini starta ilipopigwa, volti mbili zilipotelea kati ya ncha hasi ya betri na bodi. Waya ulikuwa umeliwa na kutu pale unapofungwa.

Je, kutafuta kutu ni kupunguza imani? Mwanazuoni Al-Ghazali, aliyefariki 1111, alifundisha kwamba moto hauunguzi pamba kwa nguvu zake. Anayeunguza ni Mungu. Mwanafalsafa Ibn Rushd, aliyefariki 1198, akamjibu kuwa anayekana sababu anaikana elimu yenyewe. Mimi naona hata kwa Al-Ghazali fundi ana kazi, kwani kwake mfuatano wa moto na kuungua ni desturi aliyoiweka Mungu. Desturi hupimika, ndiyo maana mita huaminika leo na kesho.

Kijicho hakipimwi kwa mita, wala sikikani. Ninachokataa ni kumtia jirani hatiani kabla ya kufungua boneti. Hiyo si imani, ni dhulma. Omba dua, piga msasa, kaza nati. Na jina la mtu lisitoke mdomoni.