Maumivu ni Mbiu ya Mwili



Wahenga walinena ya kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Maumivu nayo ni mbiu ya mwili. Mtu akigusa kaa la moto, mishipa ya fahamu hupeleka habari upesi hata uti wa mgongo, na mkono hurudishwa kabla ubongo haujatambua. Basi Muumba hakuiweka mbiu hii ndani yetu kwa hasira, bali kwa kutulinda.

Twajifunza hayo kwa wenye ukoma. Zamani watu walidhani ya kuwa ukoma wenyewe hula vidole. Lakini mganga Paul Brand, aliyefika Vellore katika Bara Hindi mwaka 1946, alionyesha pamoja na wenziwe ya kuwa ugonjwa huu huharibu mishipa ya fahamu. Na mgonjwa, kwa kuwa hasikii maumivu, hujiunguza na kujikata asijue. Asiyesikia mbiu hana mlinzi.

Walakini mbiu ikiisha kusikiwa, na watu wakiisha kukusanyika, ya nini kuipiga usiku kucha? Tulimzuru mzee mmoja wa usharika mwenye saratani. Waganga walikuwa wamempa morfini, dawa ambayo asili yake ni utomvu wa kasumba, nayo huizuia habari ya maumivu katika uti wa mgongo na ubongo. Chupa ilikuwa haijafunguliwa. Akatuambia, "Mchungaji, Bwana wetu msalabani aliikataa divai iliyotiwa manemane. Mimi ni nani hata niipokee dawa hii?" Mkewe alikuwa hajalala siku nne.

Tulinyamaza kitambo, maana neno lake lilikuwa zito. Kisha tukamjibu, "Baba, kazi ile ilikuwa yake peke yake, naye ameimaliza. Maumivu yako hayawezi kuiongeza hata kidogo. Tukidhani twanunua wokovu kwa kuumia, twaidharau neema. Tena Bwana yeye yule alitupa mfano wa Msamaria aliyetia mafuta na divai katika jeraha za mtu aliyepigwa." Mzee akamwomba mkewe kijiko. Usiku ule wote wawili walilala. Asubuhi aliketi, akasema na wanawe, akapokea Chakula cha Bwana. Alifariki baada ya majuma matatu, kwa amani.

Nasi twakiri kosa letu. Mara nyingi tumesifu saburi mbele ya kitanda cha mgonjwa, tusimwulize anaumwa wapi. Enyi waalimu, mwingiapo katika nyumba ya mgonjwa, ulizeni kwanza: Panauma wapi? Dawa ipo? Kipimo ni cha mganga, maana dawa hii ikitumiwa ovyo huua. Lakini msimfundishe mtu kuiogopa kama dhambi. Kisha ombeni pamoja naye.

Bwana aliyeyachukua maumivu yetu atufanye wepesi kuyasikia ya wenzetu. Amina.